Kiputo cha N44F na Upepo Usioonekana

Ipo picha moja ya anga ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ilipigwa mwaka 2002 na darubini ya angani ya Hubble, nayo inaonyesha wingu la gesi liitwalo N44F, lililomo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa takribani miaka nuru 160,000 kutoka kwetu (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kinachoonekana ni uwazi mpana wenye umbo linalokaribia duara, uliozungushiwa ukuta wa gesi inayong'aa, na kwenye ukuta huo, upande wa ndani, zimechomoza nguzo nyembamba za vumbi na gesi baridi mfano wa vidole. Kila nguzo ina urefu wa miaka nuru 4 hadi 8, maana yake hata ile fupi kabisa inakaribia kulingana na umbali uliopo kati ya Jua na nyota iliyo jirani yake zaidi. Upana wa kiputo kizima ni takribani miaka nuru 35.

Nilipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza niliamini kwamba ninatazama mabaki ya mlipuko. Umbo la duara, ukingo unaowaka na katikati palipofagiliwa vilinifanya nifikirie nyota iliyokufa kwa kishindo, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyozoea kusimuliwa habari za nyota kubwa: huishi kimya, kisha hulipuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nyota iliyokitengeneza kiputo hiki ingali hai, na kwamba kazi yote ile imefanywa na upepo wake. Tangu hapo nimekuwa nikivifuatilia viputo vya aina hii popote vinapotajwa, na leo napenda kuyaeleza kwa utaratibu yale niliyoyaelewa, hasa jambo moja ambalo naona picha zenyewe hulificha: kwamba kile kinachong'aa si kile kinachosukuma.

Tuanze na upepo wenyewe. Jua letu nalo lina upepo, na mwaka 1958 mwanafizikia Eugene Parker alionyesha kwa hesabu kwamba angahewa ya nje ya Jua ina joto kubwa mno kiasi kwamba haiwezi kutulia. Ni lazima itiririke kwenda nje bila kukoma. Upepo huo wa Jua husafiri kwa kasi ya takribani kilomita milioni 1.5 kwa saa. Upepo wa nyota iliyokitengeneza kiputo cha N44F huenda kwa kasi ya takribani kilomita milioni 7 kwa saa, na kiasi cha gesi ambacho nyota hiyo inapoteza kwa kila sekunde ni zaidi ya mara milioni 100 ya kile kinachopotezwa na Jua. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa joto peke yake. Nyota kama hii husukuma upepo wake kwa njia nyingine kabisa, nayo ni mwanga.

Mwanga una msukumo, ingawa ngozi zetu haziwezi kuuhisi. Katika nyota ya kawaida msukumo huo ni mdogo ukilinganishwa na mvutano unaoirudisha gesi chini, lakini nyota yenye uzito wa makumi ya majua hutoa mwanga mara laki kadhaa ya ule wa Jua, na sehemu kubwa ya mwanga huo iko ng'ambo ya rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho haliioni. Atomu za chuma, kaboni, naitrojeni na oksijeni zilizomo kwenye uso wa nyota hunasa mwanga wa mawimbi yenye urefu maalumu, na kila zinaponasa husukumwa kidogo kuelekea nje. Atomu hizo ni chache sana kati ya zote, lakini zinapokimbia hugongana na haidrojeni na heliamu zilizo karibu nazo na kuziburuta pamoja nazo.

Hapa pana jambo dogo ambalo mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika fizikia ya nyota. Mtu angedhani kwamba tabaka la chini, likishanasa mwanga wote wa urefu fulani wa wimbi, litaliacha tabaka la juu gizani bila chochote cha kulisukuma. Haiwi hivyo, kwa sababu gesi inayokimbia huuona mwanga wa nyota ukiwa umebadilika kidogo, kama vile mlio wa gari unavyobadilika kulingana na mwendo wake linapokukaribia au linapokupita. Kadiri atomu inavyoongeza kasi, ndivyo inavyokutana na mawimbi ambayo hayajaguswa na tabaka lililo chini yake, ikasukumwa tena, ikaongeza kasi tena. Mwaka 1975 John Castor, David Abbott na Richard Klein waliiweka hali hiyo katika hesabu kamili, na hadi leo hesabu hizo ndizo msingi wa kila anayetaka kujua nyota kubwa inapoteza gesi kiasi gani.

Upepo huo ukishatoka, unakuta nini? Nyota kubwa huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi baridi, kwa hiyo upepo wake hauendi mbali kabla ya kukutana na kizuizi. Karibu na nyota upepo huruka bila kusumbuliwa. Mbele kidogo hugonga gesi iliyotangulia, ambayo tayari imepunguza mwendo, na hapo hutokea wimbi la mshtuko: mwendo wote ule wa kasi hugeuka kuwa joto, na gesi hufikia mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ya moto ni nyembamba mno, lakini shinikizo lake ni kubwa, nayo hutanuka pande zote ikiikusanya gesi baridi ya nje na kuirundika kuwa ganda. Ganda hilo ndilo tunaloliona kwenye picha.

Kwa hiyo neno "kiputo" linafaa, lakini linahitaji tahadhari. Kiputo cha sabuni hushikiliwa na utando wake. Utando ukipasuka, hewa ya ndani haina tena umbo. Kiputo cha nyota hakishikiliwi na chochote. Ganda lake ni rundo la gesi iliyofagiliwa na kusukumizwa mbele, na siku upepo utakapokoma, ganda litaendelea kwenda kwa mwendo liliokwisha kuupata, likipungua kasi taratibu hadi lichanganyike na gesi iliyolizunguka. Na ile sehemu ya katikati, ambayo katika picha huonekana kama uwazi wenye giza usio na kitu, ndiyo injini. Ina gesi yenye joto kubwa mno kiasi kwamba haitoi mwanga wa kutosha kuonekana kwa macho. Mng'ao wake uko kwenye eksirei. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, imeigundua gesi ya namna hiyo ndani ya mashimo mengi ambayo picha za kawaida huyaonyesha kama matupu.

Swali lililonisumbua kwa muda ni kwa nini tunaona pete ilhali umbo lenyewe ni tufe. Kama ganda limeizunguka nyota pande zote, basi lipo pia mbele yake na nyuma yake, na tungepaswa kuona duara lililojaa mwanga. Nilichukua karatasi, bikari na rula. Nilichora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10, na ndani yake, kwa kutumia kitovu kilekile, duara la sentimita 9, ili ganda langu liwe na unene wa sentimita 1. Kisha nikachora mstari ulionyooka unaopita katikati, mfano wa jicho linalotazama moja kwa moja kuelekea nyota: mstari huo unapita ndani ya ganda kwa sentimita 1 upande wa mbele na sentimita 1 upande wa nyuma, jumla 2. Nikachora mstari wa pili, sambamba na ule wa kwanza, unaougusa tu ukingo wa duara la ndani. Nilipoupima, sehemu yake iliyomo ndani ya ganda ilikuwa sentimita 8.7. Gesi ni ileile na unene wa ganda ni uleule, lakini jicho linalotazama pembeni linapita kwenye gesi inayong'aa zaidi ya mara nne ya lile linalotazama katikati. Pete haipo, ipo tu kwa sababu ya mahali tulipo. Mkaaji wa galaksi nyingine akikitazama kiputo hichohicho kutoka upande mwingine kabisa ataona pete pia, naye ataamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba imegeuzwa kumwelekea yeye.

Kuhusu mng'ao wenyewe, chanzo chake ni mwanga wa urujuanimno wa nyota na si upepo, ingawa viwili hivyo hutoka mahali pamoja. Mwanga huo hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za haidrojeni, na elektroni inaporudi mahali pake hushuka kwa hatua, ikitoa mwanga katika kila hatua. Hatua mojawapo hutoa ile rangi nyekundu ya nanomita 656.3 ambayo hutawala picha nyingi za mawingu ya gesi. Rangi ya kijani ya nanomita 500.7 ina historia ndefu zaidi. Mwanaastronomia William Huggins aliiona mwaka 1864 alipoelekeza spektroskopu yake, chombo kinachoutenganisha mwanga kuwa mistari ya rangi zake, kwenye wingu la gesi, na kwa kuwa hakuna elementi yoyote duniani iliyojulikana kutoa mstari huo, baadaye wanasayansi walidhani kuna elementi mpya, wakaipa jina la nebuliamu. Ni mwaka 1927 tu Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili. Sababu ya kutoonekana katika maabara ni kwamba oksijeni hiyo huhitaji sekunde nyingi za utulivu kabla haijautoa mwanga huo, na katika gesi ya duniani, hata ile tunayoiita nyembamba, atomu hugongana haraka mno kiasi kwamba utulivu huo haupatikani. Kwa hiyo kila ninapoona kijani kile katika ganda la kiputo, najua ninatazama gesi nyembamba kuliko ombwe la kawaida ambalo binadamu hulitengeneza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini twende hadi galaksi jirani ilhali viputo viko pia katika galaksi yetu. Kweli vipo, na kimoja chao, NGC 7635, kilichogunduliwa na William Herschel mwaka 1787, ni cha kupendeza sana. Tatizo ni kwamba sisi tumo ndani ya galaksi yetu na tunaitazama kwa ubavu, vumbi likituzuia na umbali wa kila kitu ukibishaniwa. Aliyesimama katikati ya umati hawezi kuuhesabu umati. Aliye juu ya kilima cha pili anaweza. Katika Wingu Kubwa la Magellan vitu vyote viko karibu umbali uleule kutoka kwetu, na galaksi hiyo imetugeuzia uso wake, hivyo kiputo kikubwa kwenye picha ni kikubwa kweli, na kidogo ni kidogo kweli. Kwa yeyote anayetaka kulinganisha, huo ni msaada usio na kifani.

Herufi N iliyomo katika jina N44 inatokana na orodha aliyoichapisha Karl Henize mwaka 1956. Henize alikuwa ametumwa na Chuo Kikuu cha Michigan kufanya uchunguzi huko Bloemfontein, Afrika Kusini, kati ya mwaka 1948 na 1951, kwa sababu Mawingu ya Magellan hayaonekani kabisa kutoka sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia. Alitafuta vitu vinavyong'aa kwa ile rangi nyekundu ya haidrojeni, akavipa namba. Baadaye akawa mwanaanga na kuruka kwa chombo cha Challenger mwaka 1985. Namba alizozitoa zingali zinatumika kila siku, na mimi hufurahi kila ninapokumbuka kwamba orodha hii ilianzia chini ya anga la Afrika.

N44F ni sehemu ndogo tu ya N44. Wingu zima lina upana wa takribani miaka nuru 1,000, na katikati yake kuna uwazi mwingine, mkubwa zaidi, wenye upana wa miaka nuru 250. Uwazi huo haukuchimbwa na nyota moja. Ndani yake kuna kundi la nyota kubwa ambazo pepo zake zimeungana, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu kasi za upepo zilizopimwa humo hazilingani na ukubwa wa uwazi wenyewe. Wanaastronomia wamependekeza kwamba baadhi ya nyota za kundi hilo zilikwisha kulipuka, na kwamba milipuko hiyo ilimalizia kazi iliyoanzwa na upepo. Masalia ya supanova moja, yaani mlipuko wa nyota wa aina hiyo, yamepatikana karibu na hapo. Pia wamegundua kwamba nyota zilizo kwenye ukingo wa uwazi huo na zile zilizo ndani yake zimepishana umri kwa takribani miaka milioni 5, jambo linaloonyesha kwamba gesi iliyorundikwa na kizazi cha kwanza ilijikunja na kuzaa kizazi cha pili.

Hesabu ya ukuaji wa viputo ilikamilishwa katika miaka ya 1970, na matokeo yake yanashangaza kwa jinsi yanavyokwenda taratibu. Chukua gesi yenye atomu moja kwa kila sentimita ya ujazo, na upepo ambao nguvu yake ni mara 260 ya nguvu ya mwanga wote wa Jua. Baada ya miaka milioni moja kiputo kitakuwa na nusukipenyo cha takribani miaka nuru 88. Ukitaka kukifanya kiwe na upana mara mbili kwa kungoja tu, itakubidi ungoje hadi umri wake uzidi mara tatu. Ukitaka upana huo kwa kuongeza nguvu ya upepo, itakubidi uiongeze mara 32. Kwa maneno mengine, nyota yenye upepo mkali kupindukia na nyota yenye upepo wa wastani huacha alama zisizotofautiana sana.

Hata hivyo viputo vingi vilivyopimwa katika Wingu Kubwa la Magellan ni vidogo kuliko hesabu inavyotaka. Nguvu fulani inapotea njiani. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni yale yanayohusu matundu: ganda halina unene sawa pande zote, kwa kuwa wingu lililolizaa halikuwa sawa pande zote, na mahali palipo pembamba gesi ya moto hupenya na kutoka. Mahali pengine gesi ya moto huchanganyika na gesi baridi ya ukutani, ikapoa haraka, na shinikizo likashuka. N44 yenyewe inaonyesha dalili hiyo, kwani eksirei zake huvuka ukingo wa kusini na kuendelea nje ya ganda. Ndiyo maana siku hizi, nikipata picha mpya ya kiputo, naanza kutafuta pale pete ilipokatika, kwa sababu pengo husema mengi kuliko mwangaza.

Tukienda mbali zaidi, katika galaksi ya M33 iliyo umbali wa takribani miaka nuru milioni 2.7, kuna NGC 604, wingu lenye upana wa takribani miaka nuru 1,500 na nyota kubwa na moto zaidi ya 200 katikati yake. Halina kiputo kimoja. Lina mapango mengi yaliyopakana, kuta zake zikiwa zimebanwa kati ya pepo za pande mbili. Na katika M74, umbali wa takribani miaka nuru milioni 32, darubini ya James Webb imeonyesha jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kukisiwa: mikono ya galaksi hiyo imetoboka mithili ya sifongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulihesabu humo viputo 1,694, na karibu theluthi moja kati yake vilikuwa na angalau kiputo kidogo kwenye ukingo wake. Picha hizo hazionyeshi gesi inayong'aa kwa haidrojeni bali vumbi lililopashwa joto, lakini umbo ni lilelile, na maana ya viputo vidogo kwenye kingo za vikubwa ni ileile tuliyoiona N44: ukuta wa kimoja ni kitalu cha nyota zitakazochimba kingine.

Nyota ya N44F, kwa kadiri tunavyojua tabia za nyota za aina yake, haitaishi zaidi ya miaka milioni chache. Zile nguzo za vumbi zitapungua kwa kuunguzwa na mwanga wake, kutoka kwenye ncha kwenda kwenye shina, na baadhi yake huenda tayari zimebeba nyota changa ndani. Mwanga uliofika kwenye kioo cha Hubble mwaka 2002 ulianza safari yake takribani miaka 160,000 kabla ya hapo, na katika muda huo wote kiputo kimeendelea kutanuka: ukingo uko mbele ya pale tunapouona, na nguzo huenda ni fupi kuliko zilivyo kwenye picha niliyonayo.